Kikapu cha Madaftari Mlangoni kwa Kocha

Mpendwa Bi Arlene wa safu ya ushauri,

Nisaidie kabla ya Jumatatu, kwa sababu chakula hakipiti na mke wangu siwezi kumtazama usoni, na majina humu nimeyabadilisha nisije nikamuumbua mtu. Mimi ni mwandishi wa michezo, huu mwaka wa kumi na tisa, kazi yangu ni timu ya mpira wa kikapu ya chuo chetu, na kocha wake nimwite Dale Hruska, mtu ambaye akiingia ukumbini hata mwenye jino bovu atacheka. Kila Alhamisi mchana Kocha hutupikia waandishi chili kwa mikono yake, aproni kiunoni, anatuchotea maharage na nyama huku akitutania mmoja mmoja, na mikate ya mdalasini huokwa na mama yake mzazi, na pale mlangoni pa chumba cha kulia, kando ya uwanja wa mazoezi, pana kikapu, na sheria anaipigia kelele mwenyewe: "Kalamu kikapuni, njaa mezani!" Unaweka daftari, unaweka simu, na utakayoyasikia au kuyaona ukiwa mgeni wake hayaandikwi, ndivyo tulivyozoea sote, na asiyekubali hakaribishwi, na asiyekaribishwa hapati habari hata ya mchezaji kupiga chafya.

Usidhani ni mtu mbaya. Marlys, mke wangu, alipokuwa akitibiwa saratani msimu wa baridi uliopita, mimi sikushika koleo hata siku moja, kila theluji ilipoanguka Kocha alifika asubuhi na vijana wake watatu wa timu, wakaizoa kutoka mlangoni petu mpaka barabarani ili gari litoke twende hospitali, Tavian Pettway akiwa mmoja wao, huyo ndiye aliyekuwa akimpungia Marlys mkono dirishani mpaka mgonjwa anacheka, na Kocha alisimama na kikombe chake cha kahawa akaniambia, kwa jina la utani alilonipa, "Profesa, wewe mshike mkono mkeo, mengine tuachie sisi." Nililia, Bi Arlene, sikuona aibu.

Sasa Alhamisi moja ya Januari mwaka huu nimeshaweka daftari kikapuni, wenzangu wameshakaa, nikatoka kwenda kunawa, nikapita mlango wa uwanja, uko wazi. Tavian yuko mle na Kocha, wawili tu. Mfupa wa mguu wake ulikuwa na ufa, kila mtu alijua, daktari alimpa buti la plastiki na wiki sita asikanyage kwa nguvu. Buti limetupwa kule kwenye viti. Kocha anamuuliza, "Kinachouma ni mguu au ni roho?" Kijana anasema, "Ni mguu, Kocha." "Basi kimbia mpaka uache uongo." Akakimbia, kwenda na kurudi, anachechemea, Kocha anapiga makofi, "Bibi yangu ana miaka tisini, ana mbio kukushinda!" Safari ya sijui ya ngapi kijana akaanguka, nikausikia mfupa, naapa niliusikia, akainua kichwa akaniona mlangoni. Nikaenda kunawa mikono. Niliporudi Kocha ameshavaa aproni, anacheka, akanijazia bakuli mwenyewe. Nikala. Nikaongezwa, nikala tena.

Wiki iliyofuata chuo kikatangaza kwamba Tavian alivunja mguu akicheza uwanja wa mtaani kinyume cha amri, ameondolewa timuni, na kamati itaamua kama ataendelea kufadhiliwa masomo. Nikaandika hivyo hivyo, "Ukaidi Wamponza Pettway", jina langu juu. Kwenye mkutano na waandishi binti mmoja tu wa redio ya wanafunzi ndiye aliyeinua mkono: "Kocha, huyu ni wa saba kuondoka katika miaka mitatu. Kuna nini?" Kocha akamtazama kwa huruma. "Binti, umekula leo? Njaa nayo huuliza maswali!" Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote.

Juzi akanipigia Bi Odessa, mama yake Tavian. Hakufoka, heri angefoka. "Mwanangu anasema mlitazamana," akasema. "Sikuombi uandike. Njoo Jumatatu saa tatu mbele ya kamati useme ulichokiona, maana ni neno lake na la Kocha, na unajua la nani litaaminiwa." Nikamjibu, "Mama, siku ile daftari langu lilikuwa kikapuni." Akasema, "Bwana, mimi sijakuuliza habari za daftari," akakata simu.

Nikienda, nimemlipa kwa ubaya mtu aliyenisitiri siku za shida, na mji mzima utasema fadhila za punda ni mateke. Nisipoenda, silali. Nishauri.

Mimi,
Mla Chili

*

Bwana Mla Chili,

Umebadilisha majina ukadhani umejificha. Mji huu una kocha mmoja na chili moja, kwa hiyo ukisoma haya ujue na jirani yako anayasoma. Kwa maradhi ya Marlys nakupa pole ya dhati. Ndiyo pole pekee utakayoipata hapa.

Mimi nina sweta jekundu la timu, nalivaa hata kanisani msimu ukifika. Ile habari yako niliwasomea wajukuu wangu mezani. Nikawaambia, "Mnaona mtoto asiyesikia la mkuu?" Mwanamke mzima na mvi zangu, nikamsema kijana aliyevunjwa mguu, kwa kuwa juu ya habari palikuwa na jina lako na mimi miaka yote nimeliamini. Nimekasirika hadi uji umeungua jikoni, na wa kulaumiwa ni wewe.

Hebu nikukumbushe kitu. Kocha wa mpira wa wavu, yule mama asiyejua kuchekesha, alipomtupia mchezaji chupa ya maji, mlimwandika siku tano mfululizo. Chupa tupu! Ikampita pembeni! Mkamwita mkatili, akaacha kazi. Huyu wenu anavunja mtoto mfupa mnamwita "mwalimu mwenye moto". Tofauti yao nini? Yule mama hakuwahi kuwapikia. Mkono mtupu haulambwi, na wa Kocha haujawahi kuwa mtupu, basi mmeulamba miaka kumi na tisa mkadhani mnafanya kazi. Vijana saba wameondoka, na kati yenu wanaume wazima aliyeuliza ni binti wa redio ya wanafunzi, nanyi mkamcheka!

Eti fadhila. Nimeisoma barua yako mara tatu, na umeandika kwa mkono wako mwenyewe, sijui kama ulijisikia. Nani alizoa ile theluji? Kocha alishika kikombe. Koleo lilishikwa na Tavian. Aliyemchekesha mkeo dirishani ni Tavian, na alikuwa na miguu miwili mizima. Kama kuna mtu unayetakiwa kumlipa wema ndiye huyo, na ulipopata nafasi ya kumlipa ulikwenda kunawa mikono. Usiniletee habari za punda. Punda angesimama.

Sasa sikiliza. Leo, kabla hujakunja gazeti hili, mpigie Bi Odessa, umwombe radhi bila kutaja kikapu. Kisha mweleze Marlys yote, na lile bakuli la pili usilifiche. Yule binti wa redio mtafute, umwambie swali lake lilikuwa la haki na kicheko chenu kilikuwa cha woga. Jumapili uandike kwamba habari yako ya kwanza ilikuwa ya uongo, na uiweke ukurasa ule ule ilipokuwa ya kwanza. Mhariri akikataa, niletee mimi, safu hii ni yangu na nafasi ipo. Na Alhamisi kula nyumbani kwako. Utanuniwa, utakosa habari za ndani, wenzako watakwepa kukaa nawe. Vumilia, kuna mtu anatembea na magongo kwa ajili ya shibe yako.

Jumatatu saa tatu uwe mbele ya kamati. Usiende na hotuba wala sifa za Kocha. Kijana ameshawaambia kwamba alikuona. Nawe waambie kwamba ulimwona.