Bibi Hakuivunja Redio Yake

Bibi yangu niliyekukosea,

Najua huwezi kunijibu, na labda ndiyo maana nimepata ujasiri wa kuandika. Ulipokuwa hai, umekaa hatua tatu tu kutoka kwangu, ulimi wangu ulikuwa mzito.

Kila nikirudi kutoka chama cha roboti shuleni ulinisikiliza nikikueleza kwamba betri ina chanya na hasi, kwamba taa ndogo ukiigeuza miguu yake ya waya haiwaki. Uliitikia kwa kichwa kana kwamba nakupa habari za jamaa zetu. Mbele ya wageni uliniita fundi. Nilivimba kichwa, Bibi, na ubaya wangu ulianzia hapo.

Siku mbili kabla ya maonyesho ya shule niliunguza mota moja ya kigari chetu cha roboti. Mwalimu Mutua, mlezi wa chama, alikuwa ametuonya tusiiunganishe na betri kubwa. Nikaiunganisha, nione itakimbia kiasi gani, ikatoa moshi. Sikumwambia mtu. Nilipofika nyumbani ulikuwa umekwenda hitima kwa jirani, nikachukua bisibisi, nikaifungua redio yako ya kaseti. Mota inayozungusha kanda ilikuwa ndogo, safi, saizi ileile. Nilijiambia kwamba redio itaendelea kusema, na kanda huisikilizi ila mara mojamoja.

Kanda yenyewe niliijua. Ami Salim aliirekodi Arabuni, zama zile wasafiri walipokuwa wakileta barua za sauti, na akafia hukohuko, akazikwa huko. Hukuwa na kaburi la mwanao la kuzuru. Ulikuwa na ile kanda.

Ulikuja kwenye maonyesho na buibui jipya. Kigari kikaenda, kikivuta kushoto kidogo kwa kuwa mota hazikulingana, kikafika ukutani, kikageuka chenyewe. Ulipiga makofi mpaka watu wakakutazama. Tukawa wa kwanza, na mwalimu mkuu akakiweka kigari kwenye kabati la vioo nje ya ofisi yake.

Ilipofika Idi ukatia kanda, ukafinya. Taa ikawaka, kanda ikakaa kimya. Ukaitoa, ukaipangusa kwa ncha ya leso, ukairudisha, ukafinya tena. Mimi nimesimama mlangoni na sinia la vitumbua. Ukanigeukia.

"Niwie radhi, mjukuu wangu. Ndimi n'loivunda. Mikono yangu siku hizi haina adabu."

Nikakwambia haidhuru, nitaitazama. Baba alitaka ipelekwe kwa fundi wa Majengo, ukakataa, ukasema fundi unaye nyumbani, na redio nyingine ya kaseti hatukuwa nayo. Kwa miezi ukawa unaniuliza kwa upole, kisha ukaacha kuniuliza. Na mota yako nilikuwa naipita kila asubuhi nyuma ya kile kioo. Ningeweza kuiomba. Lakini ningelazimika kueleza ilikotoka, mbele ya Mwalimu Mutua na wenzangu, nikaona afadhali wewe uikose sauti ya mwanao kuliko mimi kukosa sifa. Ndivyo nilivyopima.

Ukafariki kabla sijamaliza shule. Baadaye niliazima mashine ya kaseti nikaijaribu kanda, lakini ilikuwa imeshaota ukungu. Ilitoa mkwaruzo tu.

Nyumbani wanakukumbuka kwa kicheko. Tukikusanyika, Baba huanza kisa cha Bibi na redio, jinsi ulivyofinya vitufe kwa nguvu hadi ukaivunja, kisha ukailaumu mikono. Watu hucheka kwa mapenzi, nami hucheka nao. Watoto ambao hawakukuona wanakujua kwa hilo tu, kwamba ulivunja redio. Kwa hiyo nimekuibia mara mbili, na mara ya pili nairudia kila Idi.

Ndiyo maana barua hii siifichi. Leo, kabla sijabadili nia, naituma kwenye kundi la ukoo la simu. Baba ataisoma wa kwanza, kama kawaida yake. Namwogopa yeye kuliko wote, si kwa ukali. Amekuwa akicheka miaka yote hii, na yeye pia hajamsikia ndugu yake tangu siku niliposhika bisibisi.

Lala salama, Bibi. Mikono yako haikuvunja kitu.

Mjukuu wako,
Zuhura