Mama, Nimewaonyesha Wageni

Mama yangu kipenzi,

Leo nimevunja katazo lako.

Unakumbuka ulipokuja kutoka Tanga, ukanikuta huku ugenini Mayfair na cherehani yangu na mjukuu wako Mwanaidi, akiwa na miaka minne? Ulitandaza chini kitambaa cha gauni lako, mkasi mkononi. Mtoto akakitazama tu. "Bibi, mkono mmoja wa gauni utakosa." Ukamcheka, ukakata, na mkono mmoja ukakosa kweli! Mimi nilidhani amebahatisha. Wewe ndiye uliyeiona akili yake, mama.

Lakini hukushangilia. Ulimpaka wanja kwenye paji la uso, na mtu akibisha hodi unasema, "Huyu? Zuzu tu huyu!" Kisha ukampakata. "Mke mwenzangu, ulichonacho usiwaonyeshe wageni. Jicho la mtu ni baya." Nami nikaitikia. Kwetu nani hakulelewa hivyo?

Umetutoka, na Mwanaidi ameanza shule. Juzi mwalimu wake aliniita. "Eish, mama, mtoto mpole, lakini hajibu kitu. Tunataka kumhamishia kwa wale wanaochelewa kuelewa." Nyumbani nikamuuliza mtoto, mbona hujibu? Akanishangaa. "Bibi alisema tusiwaonyeshe wageni. Na pale wote wageni."

Nililia, mama, nililia sana.

Asubuhi hii nilimpeleka mwenyewe, nikamweleza mwalimu habari ya kitambaa. Nilikuwa sijawahi kumsifu mwanangu mbele ya mtu. Mwalimu akamwaga mezani vipande vya mbao vya kupanga. Mwanaidi hakuvigusa. Alinitazama mimi.

"Bibi amekubali," nikamwambia.

"Amekubali lini?"

"Leo."

Akavipanga vyote, mwalimu hajamaliza hata kueleza. Atabaki darasani kwake.

Nimefurahi, na naogopa, sikufichi. Usiku nitamsomea dua kama ulivyokuwa ukimsomea. Nimesema kwa kinywa chako, nawe huwezi kunikatalia wala kuniambia nimefanya vyema. Hilo ndilo linaloniuma.

Tulipokuwa tunarudi, mjukuu wako aliniomba simu. Kama Bibi amekubali leo, anasema, basi leo anapatikana, na yeye pia ana mengi ya kumwambia. Nilimshika mkono tukavuka barabara.

Mungu akunurishie kaburi lako, mama.

Binti yako, mama Mwanaidi