Mgonjwa Aliyesujudu

Kwako Dada Ok-hui,

Hujambo dada yangu? Goti linaendeleaje na hiyo baridi ya Suncheon? Kimchi uliyonitumia ilifika salama. Ilikuwa kali mpaka machozi yakanitoka, na nimeimaliza peke yangu. Mimi mzima, ila nina hasira. Naandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Yule Mwenyekiti Noh wa kampuni ya mitambo bado yuko hospitalini. Wahandisi wake walimwambia kwamba mitambo yao ya kupasha sakafu joto inavujisha hewa ya sumu ndani ya nyumba, naye akatia saini kwamba imepimwa na ni salama. Alipewa miaka mitano kwa kifo cha Shemeji Gi-cheol na wenzake wanane, akakaa gerezani miezi minne, kisha miguu ikagoma. Miguu ya matajiri wa nchi hii ina akili sana. Hupooza ikisikia hukumu, na hupona ikisikia msamaha. Tumeshaona wangapi kwenye kiti cha magurudumu, blanketi mapajani na barakoa usoni? Alhamisi ndiyo kikao cha kuamua kama arudi ndani au aendelee kuuguzwa, na wakili wake Maeng anatembea akitabasamu kana kwamba jibu analo mfukoni.

Juzi uliniambia humchukii yeye kama unavyomchukia yule mwanamke mwenye barakoa anayeonekana kwenye televisheni akikisukuma kiti chake. Ukauliza, yule mama hana haya, kwao hawajawahi kufiwa? Nikasingizia kwamba simu inaisha chaji. Siku ya Chuseok, sikukuu ya kuwasujudia marehemu wetu, pia nilikudanganya. Nilisema barabara zimefunga, ndiyo maana sikuja kumsujudia Shemeji. Barabara zilikuwa wazi, Dada. Nilikuwa kazini. Mwanamke yule ni mimi.

Wakala wa wauguzi alinipeleka kwa mgonjwa mwenye jina jingine mlangoni. Siku ya tatu nikamtambua, na siku hiyo hiyo ilinipasa niondoke. Sikuondoka. Malipo yalikuwa mazuri, nikajiambia kumsugua mtu mgongo si kosa. Naona aibu kuyaandika haya.

Sasa sikia ya Chuseok. Mama yake, bibi wa miaka tisini na mbili kule Andong, alipiga simu ya wodini akamfokea mpaka mimi niliye dirishani nikasikia. Alisema mwana mkubwa asiyemsujudia marehemu baba yake siku ile si mwanawe, na hatagusa kijiko mpaka aone picha. Mwenyekiti akaingiwa na hofu. Mahakama haiogopi, sisi tuliofiwa hatuogopi, lakini mama yake anamtetemesha. Akaniambia, "Mama Yang, panga meza ya marehemu baba haraka, kisha nipige picha kwa simu yako. Yangu Maeng kaishika."

Nikapanga wali wa mchele mpya, samaki, na vile vitumbua vya mchele vya songpyeon. Nilipokata peasi kichwani nikamkumbuka Shemeji alivyokuwa akiiba kile kipande cha juu, nikakaribia kukitupa kisu. Mwenyekiti akashuka kitandani, akafunga vifungo vya koti, akapiga magoti, akaweka paji la uso sakafuni, akasimama wima bila kushika kitu. Akarudia. Goti lako na langu hayawezi hayo. Mimi nyuma yake, simu mkononi, niliinamisha kichwa kwa ajili ya Shemeji. Nilipiga picha saba. Alipochagua moja ya kumtumia bibi, akaniambia nizifute zote. Nikaitikia ndiyo.

Sikuzifuta. Jumatatu nimezipeleka kwa mwendesha mashtaka, binti mdogo tu, akazitazama moja moja kisha akaniuliza kama nitasema mbele za watu kwa jina langu. Akanionya kwamba Maeng atanishambulia kwa kukaa wiki saba nikijua yule ni nani na nikila mshahara wake. Nilimwambia aniulize tu, jibu ni ndiyo.

Basi Alhamisi saa nne nitakuwa pale mahakamani bila barakoa. Kaa mstari wa mbele na picha ya Shemeji, kama siku zote. Ukitaka kunizaba kofi una haki, ila nakuomba usubiri nimalize kusema.

Msalimie jirani yako wa juu, na funika goti.

Mdogo wako,
Yang Yeong-sil