Kimondo cha Sebuleni

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu kutoka kwa watu wanaokupenda hata pale unapowaudhi. Hapa nyumbani hatujambo. Baba anakohoa kidogo asubuhi, na daktari amemkataza kunyanyua vitu vizito, kwa hiyo siku hizi anatengeneza baiskeli akiwa amekaa na kuwaamuru wateja wazigeuze wenyewe. Mama ni mzima, na mdomo wake ni mzima zaidi. Mimi nasuka kama kawaida, vidole vinauma lakini wateja wapo. Wewe je, mgongo umepoa? Usikubali makasha ya ghalani yakumalize.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Unasema mwaka huu pia huji, kwa sababu biashara ya malori ilikufa, sasa wewe ni mpanga makasha tu, na mkono mtupu haulambwi. Kaka, nani alikuambia sisi tunataka kulamba mkono wako? Halafu ukaongeza kwamba Kimondo kimezimika, tusikingoje. Hapo ndipo uliponikata maini. Mwaka wa nne huu Baba hajakuona. Gari likisimama nje haulizi kitu, ila spana inatulia mkononi mpaka ajue aliyeshuka ni nani. Sikufichi, nakuandikia ili uje. Na ninalo jambo ambalo kwenye simu ungenikatiza kabla sijalimaliza.

Ni kuhusu lile jiwe lako. Unalijua, jeusi, zito, lina matundu matundu, limekalia kitambaa cha kufuma juu ya kabati la sebuleni tangu kabla sijazaliwa. Lilianguka kutoka angani hadi uani asubuhi uliyozaliwa wewe, Baba akaliokota lingali na joto, na ndiyo maana ukaitwa Kimondo. Hakuna mgeni anayeondoka bila kusimuliwa. Nimekua nikijua kwamba wewe mbingu zilikupigia hodi. Mimi siku yangu ilianguka mvua tu, tena paa likavuja.

Sasa, nina mteja mmoja, fundi wa meno bandia, mama wa makamo mwenye nywele ngumu na roho laini. Kila Jumamosi yeye na wenzake huenda kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, au kando ya mto, wakaokota mawe yasiyo ya kawaida na kuyatafutia majina. Hata mmoja si mtaalamu. Yuko dereva mstaafu, yuko muuza miwani. Aliponisimulia nilicheka mpaka kitana kikanidondoka. Akaniambia nisicheke, nije nione. Nikaenda kumridhisha mteja, nikanasa huko huko.

Wana sharti lao, kwamba jiwe halipewi jina mpaka limejibu maswali. Unalikwaruza kwa msumari uone kama linachubuka. Unalisugua mgongoni mwa kigae, upande ule usiong'aa, uone linaacha unga wa rangi gani, maana jiwe laweza kuwa jeusi usoni na unga wake ukawa mwekundu kama tofali. Unalidondoshea siki uone kama litatoa povu. Unalisogezea sumaku. Siku yangu ya kwanza niliokota zumaridi. Haki ya nani tena, ya kijani, inapitisha mwanga, laini kama peremende iliyokwisha kunyonywa. Kabla sijawafikia wenzangu nilikuwa nimeshawapangia nyote mtakavyoishi. Dereva akaigeuza mara moja, akaniuliza kwa upole kama naziona zile herufi pembeni. Zumaridi yangu ilikuwa kitako cha chupa ya soda kilichosuguliwa na mto. Mpaka leo wananiita Bi Soda.

Basi Jumamosi moja nikaropoka kwamba kwetu kuna kimondo. Wote wakaweka chini mawe yao. Miaka yote hiyo hakuna kati yao aliyewahi kukigusa kimondo cha kweli. Wakanisihi nikilete, na mimi nikakubali haraka, kwa sababu nilikuwa na hesabu zangu. Nilitaka waniambie ni chenyewe, ili nikuandikie kwamba mbingu hazikukosea, simama, jipanguse, uje.

Mama alifurahi kuliko mimi, maana jirani wa ng'ambo amekuwa akimkebehi miaka nenda miaka rudi kwamba anafuga jiwe. Aliyenishangaza ni Baba. Kwanza alisema jiwe lisitoke, mvua itanyesha. Nikamuuliza, lililosafiri kutoka angani litaogopa mvua? Akasema basi ni zito, litaniumiza. Mwisho akasema sumaku huharibu mawe. Mama akamwambia aache utoto, akalifunga kwenye taulo lake la wageni, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Tulikutana uani kwa fundi wa meno. Sumaku ilinata, tena kwa kishindo. Muuza miwani akanikumbatia, wengine wakapiga makofi. Dereva hakupiga. Alikuwa ameinama na kioo chake cha kukuza, anachungulia yale matundu. Akasema vimondo kwa kawaida havina matundu ya namna ile, kama uji uliochemka ukagandia hapo hapo, akaomba ruhusa apitishe tupa kwenye pembe moja. Chini ya weusi alitarajia kuona chembe za chuma zinazong'aa. Tuliona kitu kama kioo cha kijani, kimejaa vipovu. Hapo akavua kofia. Akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba, kwamba jiwe hili halikushuka kutoka juu. Limetoka kwenye tanuru la kuyeyushia chuma. Ni uchafu unaoelea chuma kinapochemka, watu wanauengua na kuutupa, na chuma kidogo kilichobaki ndani ndicho kilichoivuta sumaku. Nikauliza, una jina? Dereva akamtazama fundi wa meno, fundi wa meno akatazama viatu vyake. Kaka, utanisamehe kwa kuliandika, lakini huitwa mavi ya chuma. Ndicho kitu ambacho Mama hukipangusa kila wiki kwa kitambaa laini.

Nilirudi nimekipakata. Njiani ndipo nilipokumbuka kwamba kabla ya baiskeli Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha chuma, kile kilichofungwa wewe ukiwa mdogo. Nikamkuta nyuma ya nyumba ananyoosha ringi. Nikalifunua taulo. Akaiona ile pembe iliyopigwa tupa, akaweka ringi chini, akaniuliza kama wamelijua. Nikasema wamelijua. Akanivutia kigoda.

Aliyonieleza ndiyo haya. Unajua kwamba kabla yako walitangulia wawili, wale ambao Mama hawataji, na hakuna aliyefikisha wiki. Siku uliyozaliwa ilikuwa msimu wa baridi. Wafanyakazi wa tanuru walikuwa na kawaida ya kubeba kila mtu bonge lake la uchafu ule wa chuma, lenye joto, wamelifunga kwenye gunia, wapashie vitanda nyumbani. Kulipokucha, zamu ikiwa haijaisha, mtu akaja getini kumwambia mkewe amejifungua mtoto wa kiume. Baba akanyakua bonge lake, akakimbia njia nzima ili lisipoe. Alipofika alimkuta Mama amegeukia ukutani. Wewe unalia, naye hataki kukushika. Alisema hakuzoei, kwa sababu utaondoka kama wenzako. Baba akasimama pale mlangoni na gunia lake. Ndipo mdomo wake ukasema wenyewe kwamba kuna jiwe limeanguka kutoka angani sasa hivi hapo uani, aliguse, lingali na joto, na mtoto anayetupiwa jiwe na mbingu hakuja kupita njia. Mama akageuka. Akaligusa. Akakuchukua, akakunyonyesha.

Baada ya hapo, anasema, angelirudishaje neno? Kesho yake majirani wakajaa uani. Wiki ya pili ulikuwa na jina. Na wewe ukaendelea kuishi, yeye akaogopa hata kulisogeza lile jiwe.

Tulipoinua macho, Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sahani inayochuruzika maji. Hatukujua amesikia kuanzia wapi. Akasema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya mume wake imefika miaka arobaini. Kisha akaketi kwenye gurudumu bovu lililolazwa karibu na Baba, akalia, na katikati ya kulia akaanza kucheka, nasi tukamfuata. Tangu siku hiyo hamwiti tena “mume wangu”. Anamwita Mbingu. Mbingu, chai tayari. Mbingu, umeacha grisi kwenye mlango wangu. Na Baba anaitika.

Jioni nilimwambia Baba yote uliyoniandikia. Nilimweleza kwamba umejiona umewaangusha, kwamba jiwe lilitabiri mtu mkubwa na wewe hukuwa. Hakutarajia. Alifuta mikono yake ambayo haikuwa na uchafu wowote, na aliposema alinitaka niyaandike maneno yake kama yalivyo.

“Mwambie lile jiwe halikusema atakuwa mkubwa. Nilikuwa namtafutia mama yake sababu ya kuamini kwamba atabaki. Na amebaki. Hakuna kingine tulichokiomba siku ile, na mpaka leo hatujaomba kingine.”

Hayo ndiyo niliyotumwa, kaka. Yangu sina la kuongeza, isipokuwa kwamba nimelia nikiyaandika na utaona karatasi ilivyojikunja.

Mama anakusalimu sana, anauliza kama bado unalala bila kujifunika. Wapenda mawe wote wanakusalimu ingawa hawakujui. Baba nilimuuliza kama ana salamu za kuandika, akasema za kuandika hana. Zake anataka kukupa mwenyewe, uso kwa uso.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Bi Soda