Siku ya Kuitwa Majina

Jumatatu, 5 Mei
Baridi. Ukungu umefunika kata yetu ya Daudi nzima mpaka saa nne, goli la upande wa pili halionekani. Mazoezi ya netiboli hivyo hivyo. Wasichana tisa, wawili wanakohoa. Vipindi vitatu. Chai ya ofisini haina sukari tena.

Mchana nimeendelea na kile kitabu nilichokipata kwenye kasha la vitabu vya msaada la parokia. Historia ya kikosi cha askari wa miguu, Waayalandi waliompigania mfalme wa Ufaransa karne ya kumi na nane. Kiingereza chake kigumu lakini siwezi kukiacha. Walikimbia kwao, wakavaa makoti mekundu ya mfalme wa watu wengine, wakafa katika vita visivyowahusu. Miaka ilivyokwenda Waayalandi wakapungua, nafasi zao zikajazwa na watu wa kila taifa. Jina la kikosi likabaki lile lile. Nitawasimulia kidato cha tatu tukifika majeshi ya kikoloni.

Jumatano, 7 Mei
Nimefanya. Niandike tu.

Mashindano ya wilaya ni Jumamosi, Dongobesh. Mfungaji wetu, Marselina wa kidato cha tatu, yuko kwao Nambis tangu mwezi uliopita. Anamuuguza mama yake aliyefanyiwa upasuaji. Jana alinipigia kwa simu ya baba yake kwamba mama ana nafuu, Ijumaa anakuja. Nikamwambia abaki na mama, asihangaike. Kwa sauti ya huruma kabisa. Kumbe nilikuwa nimeshampata Zulfa.

Zulfa alimaliza shule mwaka jana, anauza vitenge dukani kwa mjomba wake, mjini Katesh. Mrefu, mkono wake haukosi. Watu wa namna hii michezoni tunawaita mamluki, na kila mwalimu analalamikia mamluki wa shule ya mwenzake. Kwenye fomu ya Marselina nimebandua picha yake, nikabandika ya Zulfa. Mhuri nimegonga mwenyewe. Gundi ilinikaukia vidoleni, nimenawa mara mbili.

Miaka sita sina kombe. Sababu ni hiyo, sina nyingine.

Ijumaa, 9 Mei
Sura ya saba inahusu siku ya ukaguzi. Kapteni alilipwa kwa idadi ya askari wake. Basi mkaguzi akikaribia, kapteni mjanja aliazima wapishi na vibarua, akawavika makoti ya waliokufa na waliotoroka. Yakiitwa majina ya wale, hawa wakaitika. Waliogundulika walichapwa, na zamani zaidi walichomwa chapa usoni.

Nimefunga kitabu.

Zulfa amefika alasiri. Nimemfundisha kuitika "nipo" likiitwa jina la Marselina. Alicheka sana. Mimi sikucheka.

Jumamosi, 10 Mei
Tumeshinda, tumenyang'anywa, tumerudi. Kwa mpangilio huo.

Asubuhi majina yaliitwa vizuri. Fainali Zulfa alifunga magoli kumi na moja. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kwa nusu saa nilikuwa na furaha ya kweli, nisijidanganye kwamba sikuwa nayo.

Halafu mama mmoja msimamizi wa mashindano, mtu mzima, Mwiraqw wa hapa hapa, akaja kumpongeza. Akaangalia orodha: Marselina, wa Nambis. Akafurahi, akamsalimia kwa Kiiraqw, lugha ya kwao Nambis.

Zulfa akajibu, "Shikamoo."

Mama akamsemesha tena, taratibu, nadhani alimwuliza habari za nyumbani. Zulfa akasema shikamoo mara ya pili. Adabu anayo, lugha hana. Wazazi wake ni watu wa biashara kutoka mbali, nyumbani kwao ni Kiswahili tu. Akanigeukia. Nikaangalia viatu vyangu.

Mama alipouliza huyu ni nani, nilisema sijui. Nilisema mimi nililetewa fomu ikiwa tayari, labda wasichana wamepangana wenyewe. Nilisema hivyo Zulfa akiwa amesimama mbele yangu. Alivua jezi palepale, chini ana fulana tu na baridi ile, akanikabidhi. Nikampandisha gari la Katesh. Hakuniaga.

Jumapili, 11 Mei
Kanisani sikupokea komunyo. Nimempigia Zulfa mara nne. Hapokei.

Jumatatu, 12 Mei
Uamuzi umetoka. Kombe limekwenda kwa wengine. Marselina amefungiwa michezo yote mpaka amalize shule, kwa kosa la kukodisha jina lake. Barua imepelekwa kwa mzazi. Mimi nimepewa onyo la mdomo niwe makini na wanafunzi wajanja. Mkuu wa shule amenipa pole! Nimeipokea.

Kidato cha tatu wamefika majeshi ya kikoloni. Nikawasimulia kile kikosi, makoti mekundu na siku ya ukaguzi. Wakatega masikio. Msichana wa dawati la mbele akauliza, "Madam, na kapteni alifanywa nini?"

Nikasema kitabu hakijaeleza. Kimeeleza, ukurasa unaofuata. Alibaki kapteni, baadaye akapandishwa cheo.

Jumatano, 14 Mei
Nimesikia kwa muuza vitunguu saumu anayetoka Nambis. Baba yake Marselina amesema mtoto aliyeuza jina hana haja ya shule, abaki alime. Binti analia kwamba hajui lolote. Hakuna anayemwamini, maana barua ina mhuri wa shule.

Mhuri ule ule niliogonga mimi kwenye fomu. Mimi ni mwoga na mnafiki. Nimeandika barua kwa mkuu wa shule na kwa wasimamizi, nakala mbili, kwa mkono, bila kuzungusha maneno. Nimezikabidhi kabla sijabadili mawazo.

Alhamisi, 15 Mei
Nambis, kwa bodaboda, tope mpaka magotini.

Nilimwamkia baba yake Marselina shikamoo, akaitikia. Nikakataa kiti. Nikasema yote, kuanzia simu ile ya huruma mpaka viatu nilivyoviangalia. Hakunikatiza.

"Mwalimu," akasema, "siku tatu nimemwita mtoto wangu mwongo. Yale maneno nitayameza vipi?"

Akaniambia nikamweleze binti mwenyewe, yuko nyuma ya nyumba.

Alikuwa anapepeta maharage. Nikamweleza, nikaomba msamaha. Hakuacha kupepeta. Mwisho akaniuliza, bila kuniangalia, "Madam, kwani nilifunga magoli mangapi?"

"Kumi na moja."

"Siyo mabaya," akasema.

Nililia njia nzima. Dereva wa bodaboda akadhani nimefiwa.

Jumatatu, 19 Mei
Adhabu ya Marselina imefutwa. Timu amepewa mwalimu mwingine, na kesi yangu itasikilizwa wilayani mwezi ujao. Ni sawa. Zulfa bado hapokei. Jumamosi nitakwenda Katesh, dukani kwao, na mjomba wake anisikie.

Asubuhi kidato cha tatu, mahudhurio. Nimezoea kusoma majina nimeinamisha kichwa, naweka alama ya vema kwa kufuata sauti. Leo kila jina nimeinua macho nikamtazama mwenye nalo. Wakaanza kuchekeana, Madam leo kapatwa na nini.

Nilipofika kwa Marselina nilikawia. Kisha nikamwita.

"Nipo," akasema, kutoka dawati la nyuma. Alikuwa amevaa sweta la mama yake, mikono yake mirefu ameikunja.

Nikamtazama, nikaweka vema, nikaendelea na jina lililofuata.