Nilisema Nitakuja, Akaningoja Mezani

Shangazi Raisa, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa Kispania hapa Yaroslavl, Urusi, kwetu ni Cuba, huu ni mwaka wa tisa nakula baridi ya hapa, na nakuandikia kwa sababu nimemuumiza mtu ambaye hakunikosea hata kidogo na sijui nianzie wapi.

Darasa langu la Jumatano lina watu wazima sita, na mkubwa wao ni Klavdia Timofeyevna, miaka sabini na moja, mstaafu wa reli, anajifunza Kispania kwa sababu binti yake ameolewa Uruguay na mjukuu wake wa pekee hajui neno la Kirusi, na mtoto huyo analetwa Januari kumwona bibi yake kwa mara ya kwanza. Kila wiki mama huyu ananiletea jamu au matango ya chumvi kutoka bustanini kwake, na kila wiki ananiambia, "Mwalimu, mwanangu, Jumapili pitia kwangu tunywe chai," nami najibu, "Nitakuja, mama, bila shaka," maana kwetu Havana mtu akikualika unasema ndiyo ili asijisikie vibaya, na usipokwenda hakuna anayekuhesabia, na miaka tisa yote hii bado sijashika kwamba hapa ukisema unakuja, mtu anaingia jikoni.

Septemba mumewe alifariki. Nilimpa pole ya mlangoni nikaendelea na kipindi. Halafu Oktoba nikawapa zoezi, kila mtu aseme kwa Kispania atafanya nini mwisho wa wiki, na Klavdia Timofeyevna akasimama, akasema polepole, "Jumapili ni arobaini ya mume wangu. Nitapika, watu watakuja, na mwalimu namkaribisha." Nami, Shangazi, Mungu anisamehe, nikampigia makofi, nikamsahihisha kitenzi kimoja, nikasema, "Vizuri sana, nitakuja!" nikamgeukia Arkady, dereva wa teksi, "Haya, na wewe?" Jumapili ile nilifua nguo nikalala.

Jumatano iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu. Arkady alinisubiri kwenye korido, hata koti hajavua. "Mwalimu, hivi wewe una roho gani? Tumekaa mezani saa mbili nzima! Chapati za maji zimepoa, picha ya mzee iko pale na glasi yake ya vodka na mkate juu, shemeji mtu analalamika njaa, na mama anasema subirini, mwalimu wangu kasema anakuja. Kila saa yuko dirishani. Na si mara ya kwanza, mpaka majirani wanamtania, eti huyo mgeni wako wa Jumapili ni mtu kweli au umemwota?"

Sasa wiki ya tatu haji. Nikimpigia simu ananijibu kwa adabu, "Mzima, mwalimu, asante," anakata. Nafikiria kumtumia maua kwa tarishi na barua ndefu, au nisubiri ile Jumapili ya Msamaha kabla ya Kwaresima, ambapo kila mtu anamwomba mwenzake radhi. Najuta, Shangazi, najuta mpaka darasani naingia kwa aibu. Niende, au nitakuwa namtonesha kidonda?

Yaneisy, Yaroslavl

*

Marahaba, Yaneisy. Nilikuwa nakuonea huruma vizuri tu mpaka nilipofika kwenye yale makofi. Hapo niliiweka barua chini nikachemsha chai kwanza.

Usiisingizie Havana. Mwaka wa kwanza ningekubali. Mwaka wa tisa, na jamu ya mama wa watu unaila kila wiki, huo ni uvivu wako mwenyewe. Yule mama, naapa, alihangaika na kamusi siku kadhaa ili akuambie msiba wake kwa lugha yako. Wewe ukampa maksi.

Maua ya tarishi hapana. Jumapili ya Msamaha hapana, mpaka ifike mtoto atakuwa amekuja na kuondoka, bibi anamtazama tu bila neno la Kispania la kumwambia. Mpigie Jumamosi hii, sema, "Nakuja kesho saa nane mchana," na saa nane ugonge mlango. Vua viatu, vaa ndara atakazokupa, kula atakachokuwekea hata kama ni mkate mkavu. Akikununia, vumilia. Akikugombeza, pokea. Usilie kabla yake, msiba si wako. Akisema ana kazi, rudi Jumapili inayofuata, na nyingine. Masomo usiyataje, atayataja mwenyewe akiwa tayari. Na kuanzia leo, kama huendi mahali, sema siendi. Sisi wa huku tutanuna kidogo, yataisha.

La mwisho. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta jina la marehemu. La dereva wa teksi umeliandika, la mzee hakuna. Hulijui, sivyo? Basi ukishakaa, kabla hujaomba radhi, muulize mumewe aliitwa nani. Akianza kukusimulia, nyamaza umsikilize mpaka amalize.