Niliapa Sitampeleka Tena Hospitali

Mama Mshauri, nakusalimu kwa heshima, na unisamehe kwa kukuvamia hivi, naandika kwenye simu nikiwa karakana, vidole vina gundi na kichwa hakijatulia, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo la kuivunja nyumba yangu, au kabla sijaacha kulifanya, maana hata sijui lipi ni lipi.

Mimi ni fundi wa makochi. Wiki iliyopita mke wangu alijifungua mtoto wa kike, mzima, analia kama mtu anayedai haki yake, na vyumba vyetu viwili vimejaa nepi zinazokauka mpaka kwenye migongo ya viti. Ningekuwa mtu wa furaha tupu. Lakini nilikuwa na dada, mkubwa wangu, utotoni tulilala kitanda kimoja. Alikuwa akinywa chai anaacha kijiko ndani ya kikombe na kukizuia kwa kidole gumba, na akicheka anaziba mdomo kwa ajili ya jino lililokatika. Dada naye alijifungua salama, tukamleta nyumbani, akasema kichwa kinamgonga, tukasema ni uchovu, akasema taa ina nyota nyota, tukamzimia taa alale. Kulipokucha akashikwa na degedege, na hospitali tulimfikisha akiwa ameshakata roho. Daktari akatuambia ilikuwa presha, kwamba inaweza kumpanda mama hata akiwa ameshajifungua, na sisi hatukuwahi kusikia jambo kama hilo.

Tangu hapo nikawa mtu wa hofu. Mke wangu alipopata ujauzito nilimkimbiza hospitali mara mbili. Kwanza ilikuwa kiungulia. Mara ya pili alikuwa amelala tu, usingizi mzito, mimi nikadhani amezimia, na daktari alipomaliza kumpima akanigeukia mbele ya foleni nzima akasema, "Mama mzima, baba ndiye wa kulazwa." Watu walicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Ndipo mama mkwe akanibandika jina la Bwana Ambulensi, na sasa hata wateja wananiita hivyo. Mke wangu hakucheka. Alisema nikimburuta tena hospitali bila yeye kutaka atafungasha virago aende kwao, na mimi kwa kutafuta amani nikaapa, tena nikaapa kwa jina la marehemu dada, kwamba simpeleki mpaka aseme kwa kinywa chake mwenyewe.

Sasa tangu jana kichwa kinamuuma. Amemeza dawa za maumivu na kinauma vilevile. Leo ameamka uso umevimba, macho yamekuwa madogo, na pete haitoki kidoleni. Mama, sisi mafundi sponji tunaijua kwa kuibonyeza, ikiwa nzima inarudi, ikiwa imekufa shimo linabaki, na nilipokuwa namvalisha soksi nilimbonyeza mguu kwa kidole gumba, shimo likabaki. Akaniuliza, "Unanikagua kama kochi la mtumba?" Mama yake akacheka, na mimi nikacheka, huku nikivuta soksi juu ya lile shimo. Nikamuuliza kama anaona vizuri. Akasema, "Kuna vimulimuli, vitaisha. Na usianze, Bwana Ambulensi, umeapa." Mama mkwe akadakia kwamba mzazi asiyelala lazima aone vimulimuli, yeye kwa watoto wake wote aliviona na mpaka leo anatunga uzi kwenye sindano.

Nikaja kazini. Nimepigilia kitambaa cha mteja ndani nje, imebidi nikibandue chote. Sijui kama ninachokiona ni kweli au ni hofu tu, maana imeshanidanganya mara mbili. Nikivunja kiapo nitakuwa nimemtukana dada yangu kaburini na mke ataondoka, nisipokivunja, hapo nashindwa hata kuandika. Nimwache apumzike kama wanavyosema, au nifanyeje? Nambari iliyo hapa chini ni ya mke wangu, tafadhali usiichapishe.

Bwana Ambulensi

*

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, wasomaji wanaisoma barua yako leo, lakini wewe na mimi tunajua kwamba haikusubiri gazeti. Nilipofika kwenye vimulimuli niliacha kusoma nikakupigia. Hukupokea, bila shaka mashine zenu zilikuwa zinanguruma. Nikapiga ile nambari nyingine. Ninyi wote wawili mmeniruhusu nieleze yaliyofuata, kwa hiyo naeleza.

Alipokea mkeo. Nikajitambulisha.

"Amekuandikia wewe? Gazetini?" akasema. "Jamani, huyu mwanamume ataniua kwa aibu."

"Aibu haiui, mwanangu. Kichwa kinauma?"

"Kidogo."

"Kidogo cha kweli, au kidogo cha kumnyamazisha mumeo?"

Nilimsikia mtoto akinung'unika karibu na simu.

"Kinapasuka," akasema. "Na hapa chini ya mbavu panabana. Sikumwambia. Ningemwambia angelia mbele ya mama."

Nikaomba nizungumze na mama. Mama mkwe wako alianza na habari za uzazi wake, nami nikamkatiza: "Dada yangu, hayo nitakuja tuyazungumze siku nzima ukitaka. Sasa hivi mtafutie binti yako gari." Alikohoa, kisha nikamsikia akiita, "Wewe, vaa viatu! Mtoto nambeba mimi."

Huko hospitali nesi alimpima presha, akaangalia, akapima tena, halafu akaenda kumwita daktari mbio. Ulipopata habari ulifika na gundi yako mikononi, ukakuta wameshamwekea dawa ya kushusha presha na ya kuzuia degedege. Bado yuko wodini. Presha inashuka, ila polepole, na daktari hataki kusikia habari za kurudi nyumbani. Simlaumu.

Sasa nikugombeze, maana siku ile sikupata nafasi. Una mke anaona vimulimuli, wewe unakaa kuniandikia mimi? Je, ningekuwa msibani? Je, simu yangu ingekuwa imezima chaji? Mimi ni mwanamke mwenye meza na kiti, sina hata kipimo cha presha. Ulichokuwa unatafuta ni mtu wa kukupa ruhusa, na ruhusa hiyo ulikuwa nayo tangu ulipouona uso wake umevimba. Hicho kiapo nacho, umemwapia nani? Dada yako angejua jina lake linatumika kumzuia mama mwingine asifike kwa daktari, angekuvuta sikio mpaka hospitali.

Na hizo mara mbili za mwanzo, acha kuzionea haya. Mtu kupimwa akakutwa mzima ni habari njema. Yule daktari badala ya kuichekesha foleni angekueleza kitu kimoja: miguu kuvimba peke yake huwapata wazazi wengi na huisha. Lakini kichwa kisichosikia dawa, macho kuona vimulimuli au ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu ya juu ya tumbo, kupumua kwa shida, hapo hakuna kusubiri, hata kama mama alijifungua wiki kadhaa nyuma. Na wewe msomaji uliye na mzazi wa namna hiyo ndani, weka gazeti chini uende, usiniandikie kwanza.

Akiruhusiwa, dawa za presha atameza kama alivyoelekezwa, hata akijisikia mzima wa kucheza ngoma. Siku za kurudi kupimwa mtazifuata. Akipata ujauzito mwingine, aseme habari hii siku ya kwanza kabisa ya kliniki. Nepi utafua wewe, na mama mkwe abembeleze mtoto, mzazi alale.

Limebaki moja, nalo ndilo gumu kwako. Jana nilimpigia mkeo kumjulia hali. Katika mazungumzo nikataja ile taa mliyomzimia dada yako. Akashtuka. Kumbe hakuwa anajua! Miaka yote hii umemwambia dada alifariki kwa uzazi, basi, ukafunga mdomo. Alidhani umezaliwa mwoga. Ameniuliza, "Kwa nini hakuniambia?" Nilimwambia hilo si langu kulijibu.

Kwa hiyo leo funga karakana mapema. Mteja atasubiri kochi lake. Nenda wodini, vuta kiti karibu na kitanda, na kabla hujamuuliza presha imefika ngapi, mjibu.